Anayempigia Dereva Naye Aketi Darasani

Sijawahi kukutana na dereva wa kazi asiyejua kwamba simu na usukani havikai pamoja. Nafundisha usalama barabarani kwenye kampuni zenye magari: madereva wa malori, wauzaji wanaozungukia wateja, mafundi wanaobeba vifaa kituo hadi kituo. Katika kila darasa jipya nauliza, nani hapa anaona ni salama kuandika ujumbe gari likiwa kwenye mwendo? Hakuna mkono unaonyanyuka. Nauliza tena, nani amepokea simu akiendesha wiki hii? Mikono inapanda mmoja mmoja, kwa aibu kidogo, mpaka chumba kizima. Swali la tatu ndilo lenye somo lenyewe: nani alikuwa anapiga?

Jibu karibu kila mara ni lile lile. Ofisi.

Nilipoanza kazi hii nilikabidhiwa somo lililokwisha kuandaliwa. Lilikuwa na picha za magari yaliyokunjika, takwimu za vifo, na fomu ya ahadi ya kutiwa sahihi mwishoni. Siwezi kuzibeza picha zile, maana walioonekana humo walikuwa watu wenye ndugu. Lakini madereva wa siku nyingi wameshayaona hayo kwa macho yao, wengine wamesaidia kuwatoa wenzao kwenye vyuma. Walitazama, wakatia sahihi, wakatoka. Hawajafika hata kwenye magari, simu zao zikaanza kuita: waratibu wa safari wanataka kujua nani anaondoka saa ngapi, kwa kuwa darasa limechelewesha mizigo. Mzee mmoja aliyekuwa na miaka mingi kwenye malori akaniambia pale uani, bila hasira yoyote, "Mwalimu, mimi umenifundisha nisipokee. Sasa kamfundishe na yule asipige."

Tangu hapo nimekuwa nikilifanyia kazi neno lake.

Katika kampuni moja tuliomba orodha ya simu zilizotoka kwenye meza ya waratibu, tukailinganisha na kumbukumbu za mfumo wa kufuatilia magari, ule unaoonyesha gari lilipo na kasi yake. Sehemu kubwa ya simu zile ziliwakuta madereva magurudumu yakizunguka. Tulipowauliza waratibu walikuwa wanapiga kwa sababu gani, swali moja liliyafunika mengine yote: "Umefika wapi?" Na jibu la swali hilo lilikuwa kwenye skrini iliyo mbele ya mpigaji mwenyewe, limeandikwa kwa dakika na kwa jina la barabara.

Si kwamba waratibu ni watu wazembe au wasiojali. Niliketi nao zamu nzima nzima. Mteja yuko kwenye laini moja anafoka, meneja anapita nyuma ya kiti anauliza mzigo uko wapi, na kazi yao inapimwa kwa wepesi wa kumjibu mteja. Kumpigia dereva kunawapa kitu cha kusema. Mmoja aliniambia ukweli kwamba alama kwenye ramani haimtulizi kama sauti ya mtu. Namwelewa. Ila mtulizo huo analipia mtu mwingine, aliye nyuma ya usukani, pamoja na watu wasiomjua wanaovuka barabara mbele yake.

Kuna kanuni moja tuliyoikuta ambayo bado inaniuma nikiikumbuka. Dereva aliyekosa kupokea simu za ofisi mara mbili mfululizo alitakiwa kuandika maelezo. Kwa hiyo kampuni ilikuwa na fomu mbili zenye sahihi ya mtu yule yule: moja anaahidi kutopokea, nyingine anajieleza kwa nini hakupokea. Mtu wa kawaida akiwekwa kati ya hizo mbili atapokea simu, kwa sababu ajali ni jambo linaloweza kutokea na karipio ni jambo litakalotokea.

Ubishi mkali darasani huwa kwenye simu isiyoshikwa mkononi. Madereva wengi wamenunua vifaa vya masikioni kwa fedha zao, kampuni nyingine zimewanunulia, na wote wanaamini tatizo limekwisha. Wana sababu ya kuamini hivyo. Sheria za nchi nyingi zinazuia kushika simu tu, na hata Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, kwa marekebisho yaliyoanza kutumika 2006, unazitaka nchi zipige marufuku simu ya kushikwa mkononi gari likiwa kwenye mwendo. Mtu akisoma hapo anaona mkono ndio mkosaji.

Naheshimu ubishi huo, ndiyo maana siupitii haraka. Mwaka 1997 Donald Redelmeier na Robert Tibshirani walichapisha uchunguzi wa madereva 699 wa eneo la Toronto, Kanada, waliokuwa na simu na waliopata ajali. Walichukua kumbukumbu za simu za kila mmoja, wakalinganisha muda mfupi wa kabla ya ajali na muda kama huo siku ambayo hakugonga kitu. Hatari ya kupata ajali wakati wa kutumia simu ilikuwa kama mara nne, na hawakuona nafuu kwa waliotumia simu bila kuishika. Mwaka 2005 watafiti wa Australia walifanya kazi ya namna hiyo Perth, kwa madereva 456 waliofika hospitali baada ya ajali. Wakapata tena mara nne, na tena kifaa cha kuacha mikono huru hakikuokoa kitu. Shirika la Afya Duniani nalo hutaja kiwango hicho hicho cha mara nne.

Darasani namba hizo huwa hazitoshi, kwa sababu dereva anajijua, na anajua ameshaongea kwa simu safari nyingi bila kugusa hata kioo cha mtu. Anachohitaji kuelewa ni kinachotokea kichwani. Kundi la mtafiti David Strayer katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, liliwaweka watu kwenye kifaa cha kuigiza uendeshaji chenye kufuatilia macho. Waliokuwa wakiongea kwa simu walielekeza macho kwenye mabango ya barabarani kama kawaida, lakini baadaye wakashindwa kuyatambua mengi waliyokuwa wameyatazama. Jicho lilifika, akili haikufika. Mikono ilikuwa kwenye usukani muda wote.

Hapo mtu huuliza: mbona abiria tunaongea naye? Swali zuri, nami hufurahi likiulizwa. Abiria anaona barabara ile ile unayoiona. Lori likichomoza, ananyamaza mwenyewe. Mkikaribia kona ya kuingilia anasema, "hapa hapa." Katika jaribio lingine la Utah, madereva waliambiwa watoke barabara kuu kwenye kituo fulani cha mapumziko. Waliokuwa na rafiki garini wengi walitoka, waliokuwa na rafiki kwenye simu walikipita kituo hicho mara nyingi zaidi. Aliye kwenye simu hajui kwamba mbele yako kuna mtoto anayekimbilia mpira. Anaendelea kuuliza habari za ankara, nawe kwa adabu unaendelea kumjibu.

Na simu ikikatika, akili hairudi papo hapo. Taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari Marekani, ilitoa 2015 matokeo ya uchunguzi wa mifumo ya kuamrisha gari au simu kwa sauti. Kwa mifumo iliyokuwa mibaya zaidi, usumbufu ulibaki kichwani hadi sekunde 27 baada ya mtu kumaliza. Kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, sekunde hizo ni mita 300 za barabara.

Somo letu la sasa halina picha za ajali. Lina kiti. Nakiweka mbele ya skrini kubwa, naonyesha video iliyopigwa na kamera ya gari kwenye barabara yenye magari mengi, na anayeketi anagonga meza kila taa za breki za gari la mbele zinapowaka. Mara ya kwanza kila mtu anaiweza. Kisha simu yake inaita. Mwenzake aliye chumba cha pili anamuuliza mambo ya kazi ya kila siku: mzigo wa jana ulipungua nini, kesho unaanza na mteja yupi, ukipita njia ya chini utafika saa ngapi. Simu iko kwenye spika na mikono yote miwili ni huru. Walioketi nyuma wanasikia kugonga kunachelewa, halafu taa inawaka na kuzimika bila kugongwa kabisa. Anayeketi akimaliza mara nyingi anaapa hajakosa hata moja. Tunairudisha video, anajionea.

Madereva wakishamaliza, waratibu wanaketi. Kwangu hiyo ndiyo nusu muhimu zaidi ya mafunzo yote. Dada mmoja mratibu, hodari sana kwenye kazi yake, alifika katikati ya zoezi akasema, "Basi, nimeelewa, ikateni hiyo simu." Aliyekuwa anamuuliza maswali kutoka chumba cha pili alikuwa dereva wake mwenyewe, na maswali aliyauliza kwa mtindo ule ule anaoulizwa yeye kila siku.

Kuhusu ujumbe wa maandishi sihitaji kusema mengi, maana hapo hakuna anayebisha. Watafiti wa Virginia Tech, chuo kikuu cha Marekani, walitoa 2009 matokeo kutoka kwenye kamera zilizowekwa ndani ya malori: kuandika ujumbe kuliongeza hatari ya ajali au ya kuponea chupuchupu kwa takriban mara 23, na katika kila sekunde 6 zilizotangulia tukio macho yalikuwa nje ya barabara kwa sekunde 4.6. Kwa kilomita 80 kwa saa hizo ni zaidi ya mita 100. Tulivuta kamba ya urefu huo uani, tukawaomba watu wasimame mwanzo wake na watazame mwisho wake. Basi.

Kazi ngumu ilikuwa juu, kwenye vyumba vya wakubwa. Meneja wa mauzo alisema wazi kwamba mteja akikosa jibu atahama. Mwingine akauliza kwa nini kampuni ijibane kuliko sheria inavyodai. Niliwasomea mambo mawili. La kwanza ni ajali ya Machi 2010 karibu na Munfordville, Kentucky, ambako lori lilivuka eneo la kati la barabara kuu na kuligonga basi dogo la abiria. Watu 11 walikufa. Bodi ya taifa ya Marekani ya usalama wa usafiri ilihitimisha kwamba dereva wa lori alikuwa ameshughulishwa na simu, na mwaka uliofuata ikapendekeza madereva wa magari ya biashara wakatazwe simu zote wakiendesha, ya kushikwa na isiyoshikwa. La pili ni hukumu ya 2012 huko Texas. Baraza la wazee wa mahakama liliiamuru kampuni moja ya vinywaji imlipe mama aliyegongwa zaidi ya dola milioni 20, na dereva wa kampuni alikuwa anatumia kifaa cha masikioni kama kanuni za kampuni zilivyomruhusu. Nilisoma hilo la pili kwa moyo mzito, kwa sababu natamani la kwanza pekee lingetosha. Lakini mkuu wa fedha ndiye aliyeinua kichwa kwenye la pili, na nilimhitaji.

Kanuni iliyotoka ni fupi. Gari likiwa kwenye mwendo, dereva hapokei wala hapigi simu, iwe mkononi au sikioni. Kusimama kwenye taa nyekundu au kwenye foleni kunahesabiwa kuwa ni mwendo. Simu inatazamwa gari likiwa limeegeshwa mahali salama, wala si pembeni mwa barabara kuu ambako lori linalopita linaweza kukukumba. Ratiba ya kila safari ina vituo vya kupumzika kila baada ya saa mbili hivi, na hapo dereva anasoma ujumbe na kupiga simu anazotakiwa kupiga. Mratibu akilazimika kumpigia mtu yeyote wa kampuni aliye nje, neno la kwanza ni "Unaendesha?" Jibu likiwa ndiyo, anakata hapo hapo, hata salamu hamalizi. Ile kanuni ya kuandika maelezo kwa simu iliyokosa kupokelewa ilifutwa, na barua ya kuifuta ikasomwa mbele ya madereva wote. Nilisisitiza isomwe kwa sauti, kwa sababu watu waliozoea kuadhibiwa hawaamini tangazo la ubaoni.

Hoja ya dharura ilituchukua muda mrefu. Kila mratibu alikuwa na simu zake "za lazima". Tukakubaliana waziandike zote kwa wiki moja, kisha wakae na madereva wenyewe wazipitie moja moja. Zilizobaki kuwa za lazima kweli zilikuwa chache mno, na hata hizo, kama mteja kubadili lango la kupokelea mzigo, zilifaa kuandikwa ujumbe ukamngoja dereva kwenye kituo kinachofuata. Wateja nao walipewa namba ya ofisi badala ya namba ya dereva. Wachache walilalamika. Walipoelezwa sababu, wengi walikubali haraka kuliko mameneja wetu walivyohofia.

Mameneja wenyewe ndio kundi gumu kuliko yote, na nasema hivi baada ya kufundisha kila aina ya mfanyakazi. Dereva wa lori anajua kwamba kuendesha ni kazi. Meneja anaona kuendesha ni muda unaopotea kati ya kazi na kazi, hivyo anaujaza kwa mikutano ya simu na kujiona mchapakazi. Na nani wa chini atamwambia bosi akate simu? Tulimwomba mkuu wa kampuni atoe ruhusa hiyo hadharani. Akaitoa: anayeongoza mkutano aulize kwanza kama kuna aliye barabarani, na akiwepo atolewe mpaka asimame. Haikuchukua muda katibu wake akamtoa yeye mwenyewe kwenye mkutano wake. Habari ilienea kampuni nzima siku ile ile, na ilifundisha kuliko masomo yangu yote.

Wapo waliotaka adhabu kali iwe ndiyo elimu. Adhabu ipo, na dereva anayerudia anasimamishwa kuendesha. Lakini nimejifunza kuiogopa inapotangulia mafunzo. Taasisi moja ya takwimu za bima Marekani ilichunguza 2010 majimbo manne yaliyopiga marufuku ujumbe barabarani, na haikuona ajali zikipungua. Maelezo yake mojawapo yalikuwa kwamba huenda watu waliteremsha simu chini ili wasionekane. Nilichokiona kazini kinalingana na hilo. Anayeogopa kukamatwa anaiweka simu mapajani, macho yanashuka zaidi, na hatari inakuwa kubwa kuliko mwanzo. Mtu asiyepigiwa simu hana cha kuficha.

Simu za nyumbani zilikuwa jambo jingine tulilochelewa kulifikia. Dereva ananyamazisha ofisi, lakini mtoto akipiga anapokea, na ni vigumu kumlaumu. Tuliandaa kikao cha familia siku ya mapumziko. Wake, waume na watoto wakubwa waliketi kwenye kile kiti mbele ya skrini, kisha kila nyumba ikapatana saa za kupiga kulingana na vituo vya safari. Mama mmoja alisema kwamba miaka yote alikuwa anapiga ili ajue kama mumewe yu salama barabarani. Alilisema taratibu, na mumewe akamshika mkono.

Baada ya miezi kadhaa kumbukumbu za breki za ghafla kwenye mfumo wa kufuatilia magari zilikuwa zimepungua. Sidai kwamba simu peke yake ndiyo sababu, maana tuliwapa madereva na mapumziko waliyokuwa wakiyakosa, na dereva aliyepumzika anafunga breki mapema. Waratibu waliniambia kitu ambacho sikukitarajia, kwamba zamu zao zimetulia. Kwa kuwa dereva atapiga mwenyewe akifika kituoni, wamejifunza kumpa mteja muda wa kweli badala ya kubahatisha.

Ninapokwama sasa ni kwa waendesha pikipiki wanaosambaza vifurushi kwa programu ya simu. Kwao simu imefungwa kwenye usukani na ndiyo kazi yenyewe: oda inaingia kwa mlio, sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma kwenye skrini, na asiyegusa kwa wakati oda inakwenda kwa mwingine na malipo yake. Hapa anayepiga ni programu, nami siwezi kuiketisha kwenye kiti. Nimewaandikia waliotutengenezea programu hiyo nikitaka oda zisubiri mpaka pikipiki isimame, kwa sababu simu hiyo hiyo inajua kasi ya pikipiki kila dakika. Wamejibu kwamba jambo hilo linawezekana kiufundi na wanangoja uamuzi wa kampuni. Mkuu wa usambazaji amekubali kuja kwenye zoezi wiki ijayo. Nimemwekea video ya pikipiki, na sauti ya mlio wa oda nimeichukua kwenye programu yenyewe.